Glenys Tarrant na Usukani Uliogeuzwa Hadi Mwisho

Ijumaa, tarehe 27 Juni, Glenys Tarrant alivua ovaroli kwa mara ya mwisho katika karakana yetu ya matairi ya Derby, kaskazini-magharibi mwa Australia, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Ovaroli kaondoka nayo. Alisema ni yake, na hakuna aliyebisha.

Aliajiriwa kujibu simu. Wiki ya pili fundi mmoja aliumia mgongo, Glenys akashika jeki, na simu ikabaki inalia yenyewe.

Jina lake lilijengwa na magari makubwa ya safari yaliyozeeka, hasa pale mwenye gari alipotaka rimu mpya na hajui avishe tairi gani. Swali la kwanza lilikuwa lilelile: kibandiko cha mlango wa dereva kinasemaje? Kisha maelezo, bila haraka: "Namba ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni kimo cha ubavu wake. Ya tatu ni kipenyo cha rimu. Ukitaka kubadilisha moja, ziulize zile mbili nyingine kwanza."

Barney Catterall, mfugaji wa ng'ombe, alitaka tairi kubwa kuliko za kiwandani ili Nissan Patrol yake ikae kiume. "Ikae kiume ikiwa imesimama wapi, Barney?" Glenys alimuuliza. "Kwa tairi hizo dashibodi itakwambia kilomita mia kwa saa, kumbe unakwenda mia na saba. Ukikamatwa, mwambie polisi ni uanaume." Barney alinunua saizi ya kibandiko na hadi leo hanunui nyingine.

Na ilikuwepo sheria yake. Gari lenye rimu mpya halikutoka uani kwetu kwenda barabara ya Gibb, ile ndefu ya changarawe na mawe, mpaka lipakiwe kama litakavyosafiri, watu wote ndani, kisha dereva ageuze usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Glenys alichuchumaa kando ya madigadi akisikiliza kama tairi linagusa popote. Alisema kupima gari tupu ni kama kujaribu suruali kabla ya kula.

Familia moja ya Melbourne ilipakia friji, mahema, mbwa na bibi yao. "Mimi nimekuja kuona maporomoko ya maji," bibi alilalamika, "sikuja kukaa uani." Glenys akampitishia chai dirishani, akaendelea kusikiliza. Tairi la kushoto likakwaruza. Waliondoka kesho yake na tairi sahihi, na bibi yule alitutumia kadi kila Krismasi.

Ijumaa ile sheria ilimgeukia mwenyewe. Sote tulijua kwamba Jumamosi asubuhi yeye na mumewe, Len, wangeshika njia ya Gibb hadi Kununurra, ambako binti yao Renae alikuwa anakaribia kujifungua mjukuu wao wa kwanza. Walitaka kufika kabla ya mtoto.

Soseji za kumuaga Glenys zikiwa jikoni pale uani, Len aliingia uani na Patrol yao ya zamani. Alikuwa ameinunulia rimu nyeusi katika mji wa Broome, zikiwa na tairi zake pana na ndefu, iwe zawadi ya kumuaga mkewe kazini. Watu walipiga makofi. Glenys alizunguka gari taratibu.

"Hazigusi popote, mama," Len alisema. "Nimejaribu nyumbani."

"Ukiwa na mzigo?"

Len aliangalia soseji.

Meneja wetu, Dougal Ferris, alijaribu kuokoa jahazi: "Glenys, leo ni siku ya keki. Sheria nayo ipumzike."

"Itapumzika nikishatoka," alijibu.

Mizigo yao ilikuwa nyumbani, kwa hiyo alituteua mafundi wanne tuwe mizigo. Hakuficha kwamba alituchagua kwa unene. Tukapanda. Len akageuza usukani kulia: kimya. Akageuza kushoto, na mpira ukaguguna ndani ya madigadi kwa sauti ambayo hata mpika soseji aliisikia.

"Imegusa kidogo tu," Len alisema.

"Kilomita mia saba za kidogo tu. Tairi likipasuka njiani, Renae atamwambia mtoto asubiri?"

Len alizima injini, akabaki ameshika usukani, uso umemshuka. Ilikuwa zawadi yake, na watu wote walikuwa wanatazama.

Glenys aligonga rimu kwa kifundo cha kidole. Akavua gurudumu moja, akapima upana wa rimu, akaangalia inavyokaa kwenye boliti, akakagua uzito inaoruhusiwa kubeba. "Rimu ni nzuri, Len," alisema. "Umechagua vizuri kuliko wateja wangu wengi. Ni viatu tu ndivyo vikubwa."

Kisha akazing'oa tairi zote mwenyewe, tulipotaka kusaidia akatufukuza, na juu ya rimu zilezile nyeusi akavisha saizi ya kibandiko: 265/70 R16, zenye ubavu mgumu wa kustahimili mawe. Soseji ziliungua. Tulipanda tena. Len akageuza usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto. Hatukusikia kitu isipokuwa mafuta yakichemka jikoni.

"Nenda," Glenys alisema, kama alivyowaambia wote.

Walifika Kununurra Jumapili. Renae alijifungua mtoto wa kike Jumanne, bibi na babu wakiwa mlangoni.

Glenys, asante kwa kila gari ulilolizuia na kila gari uliloliruhusu. Tunakutakia wewe na Len siku ndefu za afya, na mjukuu wa kukaa kiti cha nyuma. Mkija Derby piteni uani: mtapakiwa, mtapimwa, na soseji safari hii tutazisimamia.