Gari Yenye Nilikuwa Nasema Iko Njiani

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mujibu na nguvu, miye ni mama wa soko, mukinyamaza nafikiri hamutaki kununua. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimesikia.

Miye munanijua, Mama Neema wa Saio, hapa Bunia. Nilikuwa napeleka sabuni, sukari na mafuta ya kupika kule Mongbwalu, kwa wachimbaji wa zahabu. Bwana yangu alikufa zamani, lakini Mungu alinibariki, parcelle, kiwanja na nyumba yake, nikainunua na jasho yangu mwenyewe. Wakati vita ilikamata Djugu, yaya yangu Elisabeti, dada yangu mukubwa, alikimbia na watoto na wajukuu wake, akakuja kwangu. Walilala mu salon, walilala mu jikoni, mpaka mu chumba yenye nilikuwa natunza sabuni. Mutoto alikuwa anaamuka ananukia kama nguo ya kufuliwa!

Sasa, kule mutaa wa Lumumba kuko Papa Unen, mufanya biashara, mutu wa Mahagi, mukatoliki wa misa ya kwanza, hakosi. Alinipa sabuni ya kujaza gari nzima kwa deni. Miye nikamuachia karatasi ya parcelle kama gage, rehani. Nikishindwa kulipa, parcelle inakuwa yake. Niliogopa nini? Kila mara nilikuwa nalipa.

Ndugu zangu, ile gari haikufika. Ku njia ya Mongbwalu watu wa silaha waliiwasha moto. Chauffeur, dereva wangu, alikimbilia mu pori, Mungu akamuponya, akarudi Bunia na miguu imevimba. Alinikuta mu lupango ya nyumba peke yangu, akaanza kusema: "Mama, gari imeisha." Nikamuwekea mukono ku kinywa. Usitamke!

Munajua vile siye tunafundishana mu chumba ya maombi. Mugonjwa hasemi niko mugonjwa, anasema nimepona. Mwenye njaa anasema nimeshiba kwa jina la Yesu. Basi nilimuomba chauffeur anyamaze. Na Papa Unen alipouliza, nikajibu na sauti ya imani: "Papa, gari iko njiani!" Magari mengi iliungua ile wakati, nani angejua kama ya kwangu iko ndani? Nilisema iko njiani mpaka miye mwenyewe nikaanza kutega sikio kila camion ya mizigo ikipita. Sikufikiri ninadanganya. Nilifikiri niko naamini.

Papa Unen alivumilia, alivumilia, kisha akachoka. Akaniambia, mwisho wa mwezi anatia wapangaji wake mu parcelle. Yesu wangu! Nitapeleka yaya wapi? Ku kambi ya wakimbizi, chini ya bâche ya plastiki, na magoti yake yale? Miye sikumuambia kitu, lakini alisikia. Nikamukuta amefunga mizigo yake yote mu kitenge, ameiweka karibu na mulango. Hakulia. Alikuwa anangojea tu tumuambie atoke.

Mu chorale yetu ya waimbaji kuko Maître Jeanne, avocate, mwanasheria. Aliniita pembeni. Akasema sheria iko. Mutu mwenye biashara yake imeanguka anaweza kwenda ku tribunali yeye mwenyewe, aseme imeanguka. Juge, ule hakimu, anasimamisha wote wenye wanamudai, hakuna mutu anagusa nyumba mpaka wasikilizane. Na kwa sababu ya usalama mubaya, formulaire, ile fomu, inajazwa ku internet, unasaini palepale.

Nikamurukia! "Miye niandike na mukono yangu kama nimeanguka? Shindwa!"

Akacheka. "Mama, ni Shetani njo anaambiwa shindwa. Miye ni avocate."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nikakuta ile kitenge ku mulango. Ndugu zangu, ile kitenge ilinishinda. Asubuhi nilienda ku bureau yake.

Akafungua ordinateur, ile kompyuta yake. Connexion ya internet inakuja, inakwenda. Jina, tukajaza. Parcelle, tukajaza. Watu wenye wananidai, tukajaza. Tukafika mahali wanauliza sababu ya kushindwa kulipa. Nikasema: "Andika Shetani."

"Mama Neema..."

"Andika! Ni yeye, si mwingine."

Akaandika. Nikasaini na kidole, akatuma. Kesho yake jibu ikatoka ku tribunali: dosia haijakamilika, sababu ielezwe vizuri, ni nini ilitokea, na ilitokea wapi. Maître akanigeuzia ordinateur. "Mama, wanataka adresse ya Shetani. Miye sina."

Munacheka. Chekeni, ni haki yenu. Miye ile siku nililia, juu ya vile aliniuliza tena, pole pole, kama mutoto wangu: "Mama, gari iko wapi?"

Nikafungua kinywa niseme iko njiani. Sauti ikakataa. Nikasema: "Iliungua."

Ee Mungu! Paa haikuanguka. Malaika hawakukimbia. Nikasema tena, iliungua! Nikasema yote yenye chauffeur alinielezea kisha, siku ingine, kwa siri, moto, pori, mvua ilikuja kunyesha juu ya majivu, na povu ya sabuni yangu ikashuka njia yote mpaka mu mufereji. Maître alikuwa anaandika na anapanguza macho. Nikasaini mara ya pili. Jina ikapinda kama ya mutoto wa première, mwaka ya kwanza ya shule. Lakini ndugu zangu, ile mara nilitoka pale mwepesi. Nilikuwa nimebeba ile gari ku kichwa miezi yote ile. Bwana alinitua!

Tribunali ikamujulisha Papa Unen. Akakuja Saio, kofia mu mukono. Yaya Elisabeti akakimbilia jikoni. Miye nikasema ndani ya roho, leo nitakula matusi.

Akakaa. "Mama, ni kweli iliungua?"

"Ni kweli, Papa. Unisamehe."

Akainamisha kichwa. Kisha akasema: "Ile sabuni na miye niliikamata kwa deni, kwa wafanya biashara wakubwa kule Mahagi. Kila wakipiga simu nawaambia, gari ya mama iko njiani. Mpaka nilitolesha misa ili ifike."

Siye wawili! Mulokole na mukatoliki, kila mutu na maombi yake, tunangojea gari moja yenye ilikuwa majivu. Nikalia, na yeye akalia. Yaya akatoka jikoni akatukuta vile, akaanza kulia hata hajui juu ya nini.

Kisha Papa Unen akauliza, ile formulaire inajazwa kwa nani. Nikamupeleka kwa Maître miye mwenyewe. Alipofika mahali ya kuandika sababu, akasimama. "Mama, hapa niseme nini?"

"Papa, sema ile ilitokea."

Akaisema. Akasaini.

Juge alituita, na watu wa Mahagi wakasikiliza ku telefone. Tukapatana kulipa kidogo kidogo. Parcelle haikuguswa. Sitaki mufikiri nimetajirika, hapana. Gari sina. Nauzisha sabuni ku mulango, kipande kipande, na deni bado nalipa. Lakini siku tulitoka kwa juge, nilikuta kitenge ya yaya Elisabeti imetandikwa ku kitanda, na sufuria yake iko ku moto.

Ninamushukuru Mungu! Nilifikiri imani yangu ikisikia neno "iliungua" itakufa. Kumbe Mungu alijua tangu siku ya kwanza, alikuwa pale ku njia wakati ya moto, alikuwa anangojea tu nimuambie. Weye mwenye uko hapa, unajibu kila mutu kama iko njiani, na ndani ya roho unajua iliungua, usiogope. Kuja mbele. Maître Jeanne iko pale mu chorale, na miye nitasimama pembeni yako. Kwangu nafasi ya kukaa iko, na chakula iko ku moto. Amina!