Taa ya Benadeta

Nyuma ya stendi ya Kayanga, pale bodaboda zinapongojea abiria wa Kihanga, kuna benchi la ubao lililoegemea ukuta wa duka la mbolea. Saa nne asubuhi, ukungu ukiwa ndio kwanza unajikunja kutoka kwenye vilima, Muzamil huwa ameshapuliza makaa chini ya birika lake la kahawa na watu wake wameshakaa. Yupo Edgar, fundi simu, ambaye kijiwe kizima kinamwita Wati. Yupo Mahoro, mchuuzi wa maharage anayevuka mpaka kila juma, naye ni Pasipoti. Na asubuhi hiyo alikuwapo Novatus, mkulima wa Kihanga, mtu wa kikombe kimoja na kwaheri. Safari hii alikuwa kwenye kikombe cha tatu. Kati yake na Wati zilikuwa zimelala taa mbili za sola, na alikuwa akizitazama kama mtu anayelinda vifaranga.

— Abdallah wa duka la vifaa kaniazima nizikague, alisema Novatus. Amesema nichague moja. Nimeshindwa.

— Za nini tena? aliuliza Wati. Si umeme umeshafika kwako?

— Umefika ndani. Hizi ni za bustanini.

— Bustanini! Mahoro akaangua kicheko. Kwani migomba yako inajiandaa na mtihani?

Novatus hakucheka. Mkewe, Benadeta, alikuwa mtu wa nje tangu siku alipomwoa. Bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa yake: nyanya, mnavu, vitunguu, na waridi aliloletewa na dada yake kutoka Nkwenda likiwa kijiti tu. Kisha yakaja maradhi ya ngozi na viungo. Daktari wa Bukoba akamweleza kwa upole kwamba jua ndilo linalomchokoza; likimpiga mchana mmoja, atalala wiki nzima. Miezi saba sasa Benadeta alikuwa anashinda ndani, mapazia yameshushwa. Jua likizama alikuwa anatoka, lakini huku kwetu jua likishazama giza halikawii. Alikuwa anasimama mlangoni, anaona hatua tatu za mbele yake, anarudi kukaa.

Yote hayo Novatus hakuyasema. Alisema tu:

— Mama Vero amekatazwa jua. Nataka nimpe jioni.

Kicheko cha Mahoro kikakatika. Muzamil akaacha kumimina, birika limeinama hewani.

— Pole, waitu, pole ndugu yetu, alisema Mahoro.

— Basi tuongee kikubwa, alisema Wati, akaichukua taa ndogo na kuigeuza kama simu mbovu. Hii ya kuchomeka ardhini, paneli yake iko kichwani. Bei yake haifiki hata mkungu mmoja mzuri. Lakini ukiipanda kivulini inashinda njaa. Jioni itapepesa jicho mara mbili, imekwenda. Hii nyingine ghali kidogo, lakini paneli iko peke yake, ina waya. Paneli unaipeleka juani, taa unaiweka unapotaka.

— Ipi ina mwanga mkali? aliuliza Novatus.

— Usiulize mwanga, uliza betri. Ya hii kubwa unafungua skrubu, unabadilisha. Ya hii ndogo wameigandisha na gundi. Ikifa, unazika taa nzima.

— Nyie mnaongea betri, alisema Muzamil, mimi naongea rangi. Mwanga mweupe unamfanya mtu aonekane kama amelazwa wodini. Mama Vero ameshaona wodi za kutosha. Mpe wa manjano, aonekane kama bibi harusi.

— Na mweupe unaita panzi wa senene! Mahoro alidakia. Mwezi wa kumi na moja ukifika, Kihanga nzima itahamia kwako na ndoo. Watakula senene, watakanyaga nyanya.

— Si na Mama Vero atakula? aliuliza Muzamil.

— Atakula, bustani iko wapi? Halafu sikilizeni. Kule ng'ambo kuna mzee alifunga taa shambani kwake. Kuku wakachanganyikiwa, jioni ni ipi, asubuhi ni ipi. Wakawa wanataga mara mbili kwa siku. Ndizi nazo hazikulala tena.

— Pasipoti, acha hizo, alisema Wati.

— Nilizila mimi mwenyewe! Ukizimenya, unazisikia zinapiga miayo.

Hata Novatus alitabasamu. Muzamil akawaongezea kahawa, na jinsi mvuke ulivyopanda na ukungu ukashuka kuupokea, maongezi nayo yakaanza kuelea.

— Mimi ningeweka ishirini, alisema Muzamil taratibu. Zitoke mlangoni, zizunguke vitunguu, zipande mpaka kwenye migomba. Mtu akisimama kule juu Bugene aseme, jamani, nyota zimeshuka Kihanga kunywa maji.

— Ishirini zitapoteza ndege za Kigali, alisema Wati. Rubani ataona uwanja, atashuka.

— Ashuke tu. Tutamuuzia kahawa.

— Abiria wote wapite kwenye waridi la Mama Vero, alisema Wati, wakipokezana kulinusa.

— Na yeye amekaa pale kama afisa uhamiaji, alisema Mahoro, anawagongea mihuri.

Kila mmoja akabaki na bustani yake kichwani. Kisha Wati akasema taa huwezi kuichagua mchana, ni lazima uione gizani. Giza la saa nne asubuhi litoke wapi? Novatus akavua koti lake, lile zito la baridi ya Karagwe. Wakaziweka taa mapajani, wakajifunika koti vichwa vyote vinne, na Wati akabonyeza swichi.

Ndogo ilitoa mwanga mweupe, mwembamba. Kubwa ikawaka manjano, kama asali unapoiinua juani. Pua ya Mahoro ilionekana, na kidevu cha Muzamil, na vumbi la maharage lililokuwa likielea kati yao polepole. Novatus aliuweka mkono wake kwenye mwanga ule, akaugeuza, na kwa kitambo akaona si mkono wake bali wa Benadeta, una udongo kwenye kucha.

— Shikamooni, ilisema sauti huko nje.

Wakafunua koti haraka, macho yamefinyana. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama mbele yao na karai la miche ya vitunguu kichwani. Alikuwa anangoja basi dogo la Nkwenda, jina lake Nikuze, na kwa jinsi alivyowatazama ilibidi waeleze. Walieleza wote kwa pamoja: betri, rangi, senene, rubani. Nikuze alishusha karai, akasikiliza mpaka mwisho.

— Na mama mwenyewe, aliuliza, akiwa bustanini anapenda kukaa upande gani?

Wati akamtazama Mahoro. Mahoro akamtazama Muzamil. Kisha wote wakamgeukia Novatus.

Alijua Benadeta anatoka kwa mlango gani, na anarudi saa ngapi akiwa na nini kwenye ungo. Hapo katikati hapakuwa na kitu. Miaka thelathini na miwili mkewe alikuwa kule nyuma ya nyumba, na yeye alikuwa shambani, au mnadani, au hapa. Alihisi masikio yakipata moto.

— Sijui, alisema.

Hakuna aliyemcheka. Nikuze akasema labda angemuuliza tu, kisha utingo akaita Nkwenda, naye akajitwisha miche yake akaenda.

Novatus alizirudisha taa zote mbili kwa Abdallah, akamwomba amsubiri mpaka kesho. Jioni, jua lilipogusa kilima, alimkuta Benadeta mlangoni, kanga imezunguka mabega.

— Twende, alisema.

— Wapi?

— Huko kwako. Nionyeshe.

Benadeta alimtazama kuona kama anatania. Kisha akamshika mkono wa shati na wakaingia bustanini haraka, kabla giza halijawawahi. Alimwonyesha matuta ya vitunguu, yaliyojaa magugu. Alimwonyesha waridi. Novatus alikuwa akingoja asimame mahali aseme, hapa ndipo, lakini hakusimama popote. Alikuwa anatembea, anagusa, anapita.

— Huwa unakaa wapi? aliuliza mwishowe.

— Mimi? Sikai.

— Nikikuwekea taa, ikae wapi basi?

Benadeta aliinama, akang'oa gugu moja. Giza lilikuwa limeshafika magotini.

— Usiniwekee pale mlangoni, alisema. Mlangoni nimekaa miezi saba. Weka kule mwisho, ndani ya migomba, ambako sioni. Niwe na pa kwenda.

Asubuhi Novatus alikuwa dukani kabla Abdallah hajamaliza kufungua milango. Alichukua ya waya, ya manjano. Chini ya migomba, ile taa ndogo isingeonja jua hata siku moja. Paneli aliifunga juu ya mti mrefu nje ya kivuli, akaushusha waya, akaining'iniza taa kwenye shina la mgomba wa mwisho. Akaiacha ishinde siku nzima ikinywa jua.

Jioni ilipowaka yenyewe, bustani yote ilikuwa nyeusi, na kule mwisho palikuwa na kitu cha manjano, majani mapana yakipumua juu yake. Novatus alinyoosha mkono amshike mkewe. Benadeta alikuwa ameshaondoka.

Alisikia miguu yake kwenye matuta, polepole, kisha si polepole. Aliona kivuli chake kikikatiza mwanga, kikainama, kikakaa chini muda mrefu. Naye akabaki mlangoni, hajui kama afuate au asubiri.

— Novatus! Sauti ilitoka mbali, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka shambani. Lete jembe dogo! Kuna nyanya imejiotea huku, na tayari ina maua!