Umebeba Nini, Mwalimu Zubeda?

Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 2004, baada ya miaka ishirini na sita ya kukalia viti visivyofika magotini, Mwalimu Zubeda anastaafu. Alianza kazi katika materneli yetu, shule ya watoto wadogo, hapa Gihosha mwaka 1978, jengo likiwa na vyumba viwili na choo kimoja kilichogombewa na wote, walimu wakiwemo. Wanafunzi wake wa kwanza sasa wanaleta watoto wao wenyewe, naye bado anawaita kwa majina ya utotoni mbele ya wake zao.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili leo, Mwalimu Zubeda ni mwenyeji wa Buyenzi, mke wa Mzee Uthmani, fundi magari. Ni mkali sana kwa habari ya kunawa mikono na mzembe sana kwa habari ya miwani yake, ambayo kwa kawaida hupatikana ndani ya ndoo ya mchanga. Chai yake ni tamu kupita kiasi. Mimi, Pontien, nilipofika hapa mwaka 1994 nikiwa na cheti kipya na filimbi mpya, filimbi alininyang'anya wiki ya kwanza. Alisema watoto hawachezi mechi. Hajanirudishia hadi leo, na kwa kuwa leo ndiyo siku yake ya mwisho kazini, namkumbusha mbele ya mashahidi.

Alichokiamini tangu mwanzo ni kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, na mchezo usiofika nyumbani umeishia njiani. Kwa hiyo alikuwa akiwapa wazazi kazi za nyumbani. Mojawapo ilikuwa ya maharage: kabla mama hajayaweka jikoni, mtoto ayachambue kwa rangi, mekundu huku, ya njano kule, yenye madoadoa pembeni, kisha ayahesabu. Kazi ilipokewa vizuri mpaka nyanya wa mtoto mmoja, Joëlla, alipokuja akiwa amekasirika. "Mwalimu, mutoto anakataa kula! Anasema ya njano apana kukaa na nyekundu." Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi, lakini jioni ile ile aliongeza sharti: ukimaliza kuhesabu, unayachanganya tena kwa mikono yako mwenyewe, ndipo yanaingia kwenye sufuria. Joëlla akala.

Vifaa vyake alivibeba kila siku kutoka Buyenzi katika mfuko wa kitenge, na miaka ile ya vita safari hiyo haikuwa fupi. Kwenye kila kizuizi, au bariyeri kama tunavyosema, mfuko ulipekuliwa. Ndani mlikuwa na vifuniko vya chupa, magunzi ya mahindi yaliyovishwa nguo na kopo la maziwa lililotiwa kokoto. Asubuhi moja mwanajeshi kijana alimwaga vifuniko vyote barabarani, akidhani chini yake kuna kitu kingine. Mwalimu akachuchumaa kuviokota, huku akimweleza kwa upole kwamba hivi vya kijani ni ng'ombe, na hivi vyekundu ni nyanya za kuuza sokoni. Mwanajeshi naye akachuchumaa. Wiki iliyofuata alikuwa amemwekea vingine vya kujaza kofia. Mwalimu hupenda kusema kwamba kati ya maswali yote ya njiani, unatoka wapi, baba yako nani, kitambulisho kiko wapi, yeye alilipenda moja tu: umebeba nini. Kwa hilo hakukosa jibu la kumchekesha mtu.

Mapema mwaka 1996 watoto walirudi darasani baada ya siku za mji kufungwa, wakaja na mchezo mpya. Wawili walishika kamba ya kuruka, wengine wakapanga mstari. Wenye kamba waliuliza mtaa, waliuliza jina la baba, kisha wakaamua nani apite na nani alazwe chini. Waliucheza kimya kimya, na ukimya ule ulituogopesha kuliko mchezo wenyewe. Direktrisi, yaani mwalimu mkuu wetu wa wakati huo, Bi Adélaïde, aliifungia kamba kabatini. Kesho yake watoto walifunga masweta yao mkono kwa mkono yakawa kamba, wakaendelea.

Mwalimu Zubeda akaomba ufunguo. Aliketi chini, akashika ncha moja ya kamba, akatangaza kwamba bariyeri hii ni yake na hapa kuna swali moja tu. Anayetaka kupita anaulizwa amebeba nini. Hajibu kwa mdomo, anaonyesha kwa mwili, na wenzake wanabahatisha. Wakipata, kamba inashushwa. Na kama mzigo ni mzito, ni lazima amwite mtu wa kumsaidia, vinginevyo hapiti. Siku ya kwanza mtoto mmoja alikuja amebeba kiboko wa ziwani, ikabidi aite darasa zima. Zile kelele za furaha nazisikia hata sasa. Bi Adélaïde naye alijaribu, akawa amebeba ripoti ya mwezi. Watoto walibahatisha wali, ndizi, na mtoto mgonjwa, mwisho wakamwachia apite kwa huruma.

Oktoba ya mwaka huo huo komite ya wazazi ilileta pendekezo. Mitaa ilikuwa imekwisha kugawanyika kikabila, na watu walikuwa wanaogopana. Ilisemwa kwamba ingekuwa busara watoto nao wagawanywe: hawa waje asubuhi, wale waje mchana, wasikutane getini. Mwalimu Zubeda alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye hajui kufundisha nusu ya watoto, na wakigawanywa, atafutwe mwalimu mwingine. Haikuwa ahadi nyepesi. Vikwazo vya biashara vya nchi jirani vilikuwa vimeanza, vipuri havipatikani, na gereji ya Mzee Uthmani ilikuwa imelala. Nyumba yao ilikula kwa mshahara wake. Aliomba kitu kimoja tu: wazazi wote waje Jumamosi moja kucheza na watoto wao, ndipo komite iamue.

Wakaja. Walisimama pande mbili za barabara, bila kusalimiana. Getini kamba ilikuwa imenyooshwa, imeshikwa na Mélissa upande mmoja na Valéry upande wa pili, wote wa miaka mitano, na Mwalimu ameketi kati yao.

Wa kwanza kufika kwenye kamba alikuwa baba yake Mélissa, Bwana Maxime wa Mutanga Nord, mfanyakazi wa wizara. Mwaka uliotangulia, mdogo wake alisimamishwa kwenye bariyeri, hakurudi nyumbani. Sote tulilijua hilo, na sidhani kama hata mmoja wetu alikuwa amelifikiria asubuhi ile, Mwalimu mwenyewe akiwemo. Mélissa akamuuliza kwa sauti ya kazi: "Papa, umebeba nini?" Bwana Maxime aliitazama kamba. "Bariyeri tena?" akasema. "Mi nimechoka na bariyeri." Akageuka aondoke. Mwalimu Zubeda alisimama, uso umembadilika. Nyuma ya Bwana Maxime, wazazi wa upande wake walianza kugeuka pia.

Hapo ndipo baba yake Valéry alipovuka barabara. Alikuwa Népomuscène, mchukuzi wa bandarini, ambaye yeye na familia yake walikuwa wamehama mtaa wao na kujibana kwa ndugu hapa Gihosha. Alisogea hadi kwenye kamba, akakunja magoti kidogo, akainamisha shingo kama afanyavyo kando ya meli, akavuta kitu kisichoonekana hadi mgongoni. Aliyumba. Jasho lilimtoka, nami naapa kwamba lilikuwa la kweli. Watoto wakaanza: saruji! unga! chumvi! Alitikisa kichwa kila mara. Kisha akalamba kidole.

"Sukari!" walipiga kelele wote, na wazazi wa pande zote mbili wakaguna kwa pamoja, maana sukari tulikuwa hatujaiona tangu vikwazo vianze. Mama mmoja alimwomba amwage kidogo hapo hapo. Watu wakacheka, kwanza kwa hofu, kisha kwa kweli.

Lakini Valéry hakushusha kamba. Sheria ni sheria. "Papa, iko nzito. Ita mutu." Népomuscène aliinua macho, na aliyekuwa karibu naye alikuwa Bwana Maxime. "Patroni," akamwambia kwa heshima, "shika upande ule. Peke yangu siwezi."

Bwana Maxime aligeuka, akautazama mgongo ule uliopinda. Nilidhani ataondoka. Kisha akaweka mkoba wake chini, akarudi, akainama, akashika hewa. Mélissa akashusha ncha yake ya kamba, Valéry ya kwake, na wanaume wale wawili wakaingia uani polepole, wakiangaliana ili hatua zisipishane, wakautua mfuko chini taratibu usipasuke. Bwana Maxime alikuwa analia na hakujificha. Wengine waliingia nyuma yao, mmoja baada ya mwingine, na wengi wakawa wamebeba vitu vizito mno, ambavyo mtu mmoja hawezi.

Pendekezo la komite halikutajwa tena. Mwalimu alibaki, na Jumamosi ya wazazi ikabaki. Haikukoma hata katika majuma mabaya zaidi yaliyofuata, ingawa mara nyingine tulikuwa wachache. Walimu wa shule nyingine wamekuja kujifunza mchezo wa kamba, wa maharage na wa vifuniko, na yeye amewafundisha bila kuficha chochote, isipokuwa filimbi yangu.

Mwalimu Zubeda, asante. Asante kwa watoto wetu ambao hukukubali kuwagawanya, na kwa sisi wazazi na walimu uliotufundisha kucheza tulipokuwa tumesahau. Tunakuombea mapumziko yenye afya, gereji iliyojaa magari, na chai tamu unavyoipenda wewe.

Sherehe ikiisha, usiharakishe kwenda getini. Utakuta kamba. Mélissa na Valéry wamerudi kuishika, sasa ni warefu kukushinda, na wamekumbuka jambo ambalo sisi hatukulifikiria: miaka yote hiyo ulikuwa ukikaa chini na kuuliza, na hakuna aliyewahi kukuuliza wewe. Leo utaulizwa. Na hata ukijibu kwamba ni mfuko wa kitenge tu, hatutakuamini. Bwana Maxime yuko upande wa kushoto wa geti, Népomuscène yuko upande wa kulia, na mikono yao iko tayari.