Kisahani cha Nasma

Kijiwe chetu hapa Kilindoni kimeegemea ukuta wa duka la Zoeb, sonara, na kahawa ni ya Iddi. Juzi mwenzetu Muhidini alituletea kwa majivuno kisahani cha madini ya fedha, mali ya binti yake Nasma anayesoma chuo Dar, amekuja nyumbani siku chache. Usoni kina mtaro wa duara, kimelika hasa. Tukakipokezana, tukamcheka baba mtu mpaka akaondoka bila kumaliza kikombe. Leo asubuhi, yeye hajafika, tulikuwa bado tunalizungumza hilo.

— Hao ni panya, alisema Potwe, jina lake Shaibu, mwenye mashua, mnene kama yule papa mkubwa tuliyempa jina lake. Panya wa chuo nao wamesoma, wanakula fedha!

— Panya gani anatafuna duara? akadakia Hifadhi. Huyu ni Shamte, aliwahi kuwa mlinzi wa hifadhi ya bahari, na mpaka leo kwake kila mtu ni mtuhumiwa. — Mtoto kakwangua, kauza. Ningemkamata mimi!

— Jini la umeme hilo, nikasema mimi. Linazunguka linalamba.

Muhidini akatokea, kanzu imepigwa pasi.

— Mlisema mwanangu kaleta kitu kilichotafunwa. Haya, tazameni!

Kisahani kilikuwa laini kama kioo. Zoeb alikuwa ameujaza mtaro fedha, akasugua.

— Ee bwana! Sasa kina heshima, tukamsifu.

— Arudi nacho chuoni vile? akasema Muhidini. Nisingekubali.

Nasma akaja mbio, mtandio begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

Akakiona. Akakichukua, akapitisha kidole.

— Baba, mtaro uko wapi?

— Nimekutengenezea.

Akaketi kwenye benchi letu, pale ambapo wanawake hawaketi.

— Baba, mashine ya chuoni ndiyo inayoila hii fedha, chembe chembe, na chembe zinajikusanya kuwa punje ndogo mno, jicho halizioni. Sumaku inayokaa nyuma ya kisahani ndiyo inayoifanya ilike kwa duara. Mtaro ukizidi kuingia ndani, punje hazitoki vilevile. Kama unavyokuna nazi, ukikaribia kifuu haitoki kama ya mwanzo. Mwaka mzima nimetafuta zinabadilikaje. Jumatatu nilikuwa niupeleke mtaro kupimwa kina.

Hifadhi akainamia kikombe chake kitupu.

— Juzi mlikishika nyote, nasikia, Nasma akasema kwa adabu ileile. Mtaro ulikuwa na kina gani?

Juzi kila mmoja wetu alitia kidole mle. Potwe akanyanyua chake, akautazama ukucha, akakishusha. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, maana nilichokumbuka ni kicheko changu tu.

— Walikuwa wanakucheka, mwanangu, alisema Muhidini.

Iddi akapita na birika. Hakuna aliyenyoosha kikombe.