Hodi Niliyoiacha Mlangoni

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba msipige makofi mpaka nimalize, maana huenda mkaghairi.

Mnanijua. Nilitoka hapa Mkumbara na begi moja, nikajisomesha Dar hadi diploma, nikarudi na gari, nikajenga nyumba ya vigae. Hakuna aliyenishika mkono. Na Biblia nilisoma kisomi: sura nne kila asubuhi, natia tiki kwenye karatasi ukutani, naipiga picha, naituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Nanyi mnajibu, "Amina, mtumishi!" Nilikuwa nimeimaliza yote mara mbili.

Kaka yangu, tunayepakana naye viwanja, aliishia darasa la saba. Nilizoea kumwambia, "Kaka, wewe lima mahindi. Kusoma tuachie sisi."

Asubuhi moja mkewe akaja barazani. "Hodi! Hodi, shemeji!"

Nilimwona dirishani. Nilikuwa sura ya tatu. Ndugu zangu, nawaambia, nilimwinulia mkono asubiri.

"Shemeji, kaka yako hawezi kusimama!"

Nikawaza, imebaki sura moja tu. Nilipotia tiki na kutoka na funguo za gari, hayupo. Jirani yetu mmoja, Mwislamu, alikuwa ameacha jembe njiani na kuwapakia wote wawili kwenye pikipiki yake, watatu mshikaki.

Niliwakuta zahanati. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, lakini dripu ilishaanza kumrudisha. Akanitazama.

"Msomi, leo umesoma nini?"

"Sura nne."

"Zinasemaje?"

Nikafungua mdomo. Sikukumbuka hata neno. Shemeji akatazama sakafu. Jirani akainama kama anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

"Basi kesho njoo unisomee mimi wa darasa la saba," kaka akasema. "Kidogo kidogo, nielewe."

Nilikwenda. Kila mstari ananisimamisha: "Hapo rudia. Sasa hapo tunaambiwa tufanye nini?" Siku ya tatu, akiwa bado amelazwa zahanati, tukafika kwa yule mtu aliyepigwa akaachwa njiani, watu wa dini wakampita, akaokotwa na mtu wa dini nyingine. Kaka hakuuliza kitu. Nikalia mbele ya wauguzi, mimi na diploma yangu.

Ile karatasi nimeibandua. Sasa tunasoma wawili, mistari michache, na hatufungi Biblia kabla ya kutaja mtu wa kwenda kumwona siku hiyo. Wa kwanza alikuwa jirani. Nilikwenda kumshukuru shambani, akanipa jembe. "Shukuru huku unalima, mheshimiwa." Malengelenge niliyapata.

Namshukuru yeye, ingawa hayupo hapa. Namshukuru kaka, mwalimu wangu. Nanyi mnaosoma kila siku, someni hata mistari miwili, lakini mtu akiita mlangoni, inukeni. Huenda ndiye mliyekuwa mnasoma habari zake.

Shemeji, nakuona pale nyuma. Ulipiga hodi sikuitika. Naitika leo, mbele ya watu wote: karibu, shemeji. Nisamehe.