Zablon Werema, Aliyezuia Matangazo ya Msiba

Wachungaji, wazee wa ukoo, wafanyakazi wa Kampuni ya Nyarima mliofunga safari kutoka Homa Bay, Uriri na Rodi Kopany, na majirani wa hapa Isebania mliolala nasi nje tangu Jumatatu, familia imenituma mimi Scovia, dada yake anayemfuata, nisome maisha ya ndugu yetu, nami nitayasoma jinsi yalivyokuwa, pamoja na damu iliyokuwamo, kwa sababu marehemu hakupenda mambo ya kupakwa mafuta, na atakayeona vibaya anivumilie mpaka jeneza lishuke.

Marehemu Zablon Werema alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika boma hili hili, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Nicholas Werema na Mama Kezia. Alfajiri ya tarehe 2 Juni 1993, alipokuwa na miaka tisa, watu walisimama kwenye lango la zizi, wakamwita baba kwa jina la ukoo wake, wakasema wameleta habari ya msiba kutoka Sirare, kwamba mdogo wake amefariki, na kwa kuwa huku kwetu mleta habari ya kifo haachwi asimame nje, baba aliondoa magogo ya lango kwa mikono yake miwili, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho kuitumia yote miwili. Walioingia waliukata mkono wake wa kulia kwa shoka, wakamchoma mbwa kwa mkuki, wakaswaga ng'ombe wote, na Zablon ndiye aliyelifunga jeraha kwa kamba ya ndama huku sisi wengine tukipiga mayowe bila kufanya la maana. Baba mdogo aliyesemekana amekufa alikuwa Sirare siku hiyo, mzima wa afya, akinywa uji, na leo ameketi pale mbele akiwa bado mzima.

Tangu siku ile ndugu yetu hakufungulia mtu mlango kabla ya kuuliza ni nani, na akijibiwa aliuliza tena, hata kama anayebisha ni mama mzazi mwenye ndoo kichwani, na kwa tabia hiyo alichapwa mara nyingi kuliko sisi sote.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Isebania hadi mwaka 1998, kisha sekondari mjini Migori kuanzia 1999 hadi 2002, ambako alifukuzwa kwa wiki mbili kwa kumvunja pua mwenzake aliyeigiza mtu wa mkono mmoja akila ugali, halafu akasomea kompyuta katika chuo kimoja cha Kisumu kuanzia 2003 hadi 2005. Aliporudi alifanya kazi katika duka la kompyuta la Bwana Hemed, mjini Migori, akisafisha virusi kwenye mashine za watu, na Bwana Hemed, aliyefika hapa na jamaa zake tangu jana, anasimulia kwamba mteja hakuruhusiwa kuchomeka flashi yake dukani kabla Zablon hajaihoji kama askari wa mpakani.

Tarehe 1 Februari 2010 aliajiriwa na Kampuni ya Nyarima, inayosaga unga na kukamua mafuta ya kupikia, yenye makao yake Homa Bay, viwanda Uriri, maghala Rodi Kopany na hapa Isebania, na wafanyakazi zaidi ya elfu mbili wenye anwani za barua pepe, naye akapewa kazi ya kuzilinda barua hizo. Kila barua iliyotoka nje ilipita kwanza kwenye mashine yake, takataka zikatupwa, zenye virusi zikauawa, na zile za kutiliwa shaka zikazuiliwa mpaka azitazame mwenyewe, na alipomweleza mama kwamba ameajiriwa kulinda lango la zizi, mama alielewa upesi kuliko wakubwa wake wengi kazini.

Tarehe 10 Desemba 2011 alifunga ndoa na Mellen, binti wa Rodi Kopany, baada ya ng'ombe wetu kusafirishwa hadi kwao kwa malori mawili, na kwa kuwa yeye hakujua Kijaluo wala Mellen hakujua Kikuria, nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili, isipokuwa siku za ugomvi, ambapo kila mmoja alirudi kwenye lugha ya mama yake na kutukana alivyotaka bila mtu kuumia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lynnet aliyezaliwa mwaka 2013, na Nicholas aliyezaliwa mwaka 2016.

Sasa nafika kwenye jambo lililomuua. Watu wa Nyarima wana desturi, kama watu wa nchi hii nzima, kwamba akifiwa mmoja wao tangazo linatumwa kwa wote, likiwa na picha ya marehemu na ratiba ya mazishi, na mtu asiyelifungua anahesabiwa kuwa hana utu. Mwezi wa Oktoba 2021 mashine ya Zablon ilizuia tangazo la mfanyakazi wa Uriri kwa sababu kiambatisho chake kilitiliwa shaka, wenzake wakachelewa kwenda kumzika baba yake, na kesho yake dirisha la ofisi ya Zablon lilivunjwa kwa mawe. Meneja mkuu wa wakati ule, kwa kuogopa fujo, akaamuru kwamba barua yoyote yenye neno msiba ipite bila kuulizwa, naye Zablon akamwambia mbele ya watu kwamba kwao lango lilifunguliwa kwa neno hilo hilo, na baba yake hadi leo anafungwa viatu na wajukuu. Alijibiwa kwamba asilete mambo ya wizi wa ng'ombe ofisini.

Tarehe 4 Novemba 2021 likaja tangazo kwamba Bwana Abdullahi, mkuu wa ghala la Isebania, ameaga dunia, na kwamba atazikwa Jumamosi ya wiki iliyofuata baada ya mkesha wa nyimbo. Mwislamu, jamani, awekwe mochari siku tisa na kuimbiwa mkesha, na hakuna hata mmoja aliyesimama akashangaa, kwa jinsi kila mtu alivyokimbilia kufungua asionekane hana utu, kuanzia meneja mwenyewe hadi wapishi, wakati Bwana Abdullahi alikuwa ghalani kwake akila mandazi. Ndani ya kiambatisho kile mlikuwa na virusi, na kuanzia siku hiyo wezi walisoma kila barua ya kampuni, wakajua lori gani linatoka lini, limebeba nini na litapita wapi.

Tarehe 23 Novemba, mchana kweupe, kabla ya kufika Uriri, walilisimamisha lori la mafuta lililokuwa likiendeshwa na Bwana Omanga, wakaita namba ya mzigo wake kama watu wa ofisini, naye alipokataa kushuka walimvuta kupitia dirishani, wakampiga kwa vyuma vya kufungulia magurudumu mpaka uso ukapotea. Zablon alimsindikiza mjane wa Omanga hadi mochari ya Migori, na ndiye aliyemtambua, kwa soksi. Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja Homa Bay, akang'oa nyaya zote ukutani, barua za kampuni nzima zikafa, akaingia kwa meneja, akapindua meza, akamshika kwa tai na kumburuta hadi kwenye gari, akimwambia waende mochari pamoja akafunue lile shuka, aone neno msiba linavyoandikwa. Walinzi wanne ndio waliomtoa mikononi mwake.

Alisimamishwa kazi, lori la pili likaibwa na utingo wake akakatwa masikio, na ndipo wakubwa wa kampuni walipomrudisha na kumwambia aweke sheria anazotaka. Aliweka moja tu ya maana, kwamba hakuna tangazo la msiba litakalofunguliwa kabla ofisi yake haijampigia simu mfiwa na kusikia kwa sauti yake mwenyewe kwamba ni kweli, na akamwapia mjane wa Omanga, ambaye leo ameketi kando ya Mellen, kwamba maadamu yeye yu hai hakuna mtu mwingine atakayeuawa kwa barua iliyopitia mlangoni kwake.

Sheria hiyo ilichukiwa, tusidanganyane. Ni ukatili kumpigia mtu simu machozi hayajakauka na kumuuliza kama kweli amefiwa, na Zablon alitukanwa kwa Kijaluo, Kikuria, Kikisii na Kisomali, na Mellen anasema alikuwa akirudi nyumbani na kukaa na watoto bila kula. Mwaka 2022 Bwana Abdullahi alifiwa na mama yake mzazi, akawa msikitini simu ikiwa imezimwa, na kwa kuwa Waislamu huzika mapema, tangazo lilikuja kufunguliwa mama amekwisha kuzikwa. Alikuja Homa Bay siku ya tatu, akampiga Zablon kichwa cha uso, meno mawili yakaanguka mezani, na wote waliokuwapo walingojea vita, kwa maana tunamjua ndugu yetu. Zablon alifuta damu, akamwambia pole sana, akamuuliza kwa Waislamu ni nani mwingine anayeweza kupigiwa, na siku hiyo hiyo namba za maimamu zikaongezwa. Hao wawili walikuwa marafiki tangu hapo, na pengo lile Zablon alikataa kuliziba.

Kwa karibu miaka mitatu hakuna lori lililoibwa. Wezi walipochoka kubisha kwa barua, walikuja wenyewe. Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, wanaume wanne wenye mapanga waliingia ofisi ya Rodi Kopany, alikokuwa akikagua mashine pamoja na msaidizi wake Phanice, wakamtaka atoe nenosiri ili watume amri ya kuondoa malori kwa jina la kampuni. Alikataa. Walimkata bega, akakataa, wakamlaza mkono mezani na kukata vidole, akakataa, wakamgeukia Phanice na kumchana shavu, na hapo Zablon akamwinua mmoja wao pamoja na kiti alichokalia na kumgongesha ukutani mpaka akazirai, hao wengine wakamkata mgongoni na kichwani. Phanice ndiye aliyeyasikia maneno yake, na ameomba yasomwe jinsi yalivyosemwa: "Ueni tu. Hata tangazo yangu haitaingia hapo mpaka bibi yangu apigiwe simu."

Kelele za watu wa sokoni ziliwafukuza, aliyezirai akakamatwa na mwenzake akanaswa baadaye akijaribu kuvuka mpaka, na hao wawili waliobaki wanatembea, na ninajua wana masikio. Bwana Abdullahi, aliyekuwa ameleta mzigo, ndiye aliyembeba Zablon mgongoni hadi kwenye gari na ndiye aliyemtolea damu. Marehemu alilazwa hospitalini Homa Bay, akafanyiwa upasuaji mara mbili, akamtambua Lynnet na kumuuliza yeye ni nani, kwa utani, kisha vidonda vikaingia sumu, na Jumapili tarehe 18 Agosti 2024 akafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani waliochimba kaburi na kutupikia, Bwana Hemed, Bwana Abdullahi, na wafanyakazi wote wa Nyarima. Lakini shukrani ya Phanice nitaisema kwa urefu.

Jumatatu asubuhi, Phanice akiwa na nyuzi shavuni, aliketi kwenye kiti cha marehemu, akakuta matangazo matano ya kifo cha Zablon Werema, yote yakiwa na picha yake, yote yakiwa na ratiba ya mazishi, moja limetoka kwetu na manne yametoka kwa wale wale waliomuua, kwani walijua kwamba siku hiyo kampuni nzima ingefungua bila kufikiri. Wakubwa walimwambia afungue lile linaloonekana la kweli, yeye mwenyewe amemwona mtu akikatwa, anamuuliza nani tena. Phanice alipiga simu. Mellen alikuwa ndani na sisi, na tangu hospitalini hakuwa ametamka neno, wala hakuwa amelia, watoto walikuwa wameambiwa na mimi, akaipokea simu, na sote tukasikia.

"Mama Lynnet, ni mimi Phanice wa kazini. Nisamehe. Lazima nikuulize, na unijibu na mdomo yako. Baba Lynnet amekufa?"

Mellen alikaa na simu sikioni mpaka nikanyoosha mkono nimpokonye, akaupiga mkono wangu.

"Amekufa," akasema. "Zablon amekufa. Ile imetoka kwa Scovia ndiyo yetu. Fungua."

Halafu akaanguka, akalia. Yale manne mengine hayakuingia, na hakuna mtu aliyekufa, na ndiyo maana ninyi elfu mbili mmesimama hapa salama mbele ya lango ambalo baba, asubuhi ya leo, ameliondolea magogo kwa mkono wake mmoja.

Pumzika kwa amani, Zablon. Simu imepigwa, na mkeo amejibu.