Mshauri wa Daraja la Fedha

Mheshimiwa Ofisa wa Mji, Mchungaji Moala na mama mchungaji, wazee wetu wa hapa Neiafu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi vijana mliokaa nyuma na simu zenu, nawasalimu nyote. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikipotea katikati ya karatasi hii, mnivumilie.

Tumekuja kumuaga mwanangu Lisiate, anayekwenda Brisbane kuwa mshauri wa timu ya michezo ya kompyuta. Tangu habari itoke, vijana wananisimamisha sokoni. "Mama Lisiate, huyo si daraja la fedha tu kwenye huo mchezo? Kwani wa dhahabu wameisha?" Leo nawajibu.

Je, mnajua nyumba ya watu wawili inavyoweza kuwa kimya? Baba yake alipofariki, Lisiate akawa anachukua sahani yake ya chakula na kwenda kula chumbani, mbele ya kompyuta. Nikimsemesha, "Ndiyo, mama." "Hapana, mama." Basi. Lakini nyuma ya ukuta nilivisikia vidole vyake vikiongea na dunia nzima, nami nikatamani aongee nami kama anavyoongea na hiyo dunia.

Jumamosi moja mchana nikaingia kwenye mchezo wake kwa simu yangu, nikajiita Kuku Mweusi. Nilipigwa vibaya. Nikaenda kwenye jukwaa lao la mtandaoni kuuliza: kwa nini mnara ninaoulinda unaanguka kila mara? Kando ya jina langu iko alama ya shaba, daraja la chini kabisa, kila mtu anaiona. Mmoja wa dhahabu akajibu, "Kuku, rudi bandani." Mwingine wa dhahabu akasema, "Nunua silaha kubwa, acha kulialia." Sasa huyo alijuaje ninachokosea, na hajaniona nikicheza?

Kisha akaja wa tatu. "Ndugu Kuku, mimi ni fedha tu, naweza kukosea. Nitumie kwanza rekodi ya mchezo wako." Nikatuma. Nyuma ya ukuta vidole vikanyamaza. Akaitazama yote, ndipo akaandika: "Huchezi vibaya. Ila kila anayepiga kelele unamkimbilia, mnara wako unauacha peke yake. Baki nyumbani kidogo. Ikishindikana, rudi tutazame tena." Mwishoni akaongeza maneno tunayomwitia mpita njia hapa kwetu: "Njoo ule."

Hapo nikamjua. Nilikuwa jikoni, sahani yake inapoa mezani.

Sikumwambia. Nimerudi kumuuliza mara nyingi, na hajawahi kunijibu kabla ya kutazama. Bado mimi ni shaba, lakini mnara unasimama. Vijana wa sokoni, huyo ndiye waliyemtaka Brisbane.

Lisiate, usinitazame hivyo, watu wanaona. Huko watakuuliza daraja lako. Waambie la kweli, halafu omba rekodi. Koti nimeliweka juu kabisa kwenye begi. Na Kuku Mweusi akiuliza swali, hata la kijinga, usimpite. Mnara wake sasa anaulinda peke yake.

Nawashukuru wote mliopika na mliokuja, na asanteni kwa kunitegea sikio. Sahani mbili nimeziweka hapa, kando kwa kando. Mwanangu, njoo ule.